Alitoa cha Nani?

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, jua la Nairobi likiwa utosini. Nilikuwa nimebahatika kupata benchi ndani ya Bustani ya Jeevanjee, kifuko cha karanga mkononi. Mbele yangu mhubiri alikuwa amepandisha sauti hadi koo linakwaruza. Nyuma yangu, chini ya mti, watu kama thelathini walisimama duara wakijadili bei ya unga. Wale ndio Bunge la Mwananchi. Hawachaguliwi, hawalipwi, lakini wanakuja, mvua au jua.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasema, "Hapa tunaongea bila woga kwa sababu hapa ni petu. Jeevanjee alitupa." Wengi wakaitikia.

Kisha kijana mmoja, begi mgongoni, akauliza kwa upole kabisa: "Alitupa, sawa. Na yeye alipewa na nani, mzee?"

Duara likanyamaza.

Mtu akakohoa, mazungumzo yakarudi kwenye unga. Mimi sikuweza kurudi nao. Wiki tano zimepita na swali la yule kijana bado linanisumbua. Nimelala nalo, nimepanda nalo matatu, nimesoma kwa ajili yake mpaka macho yakawasha. Naandika sasa nione kama litanipa nafasi ya kupumua.

## Mnazi wa jirani

Nimelelewa Mombasa. Huko, mtu akitoa kiwanja au kisima kwa ajili ya watu wote, tunakiita wakfu. Kikishatolewa hakiuzwi, hakirithiwi, hakirudi mfukoni mwa mtu. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha masharti yake tukiwa watoto tumekaa mkekani, na sharti alilolikazia kuliko yote lilikuwa hili: lazima kitu kiwe chako kwanza. "Huwezi kuweka wakfu mnazi wa jirani," alikuwa akisema, akitutazama mmoja mmoja kana kwamba tayari tumeshaupanda.

Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyeitoa bustani hii, alikuwa Mwislamu wa Kihindi wa jamaa ya Mabohora. Sina shaka kwamba sharti hilo alilijua kuliko mimi.

Basi bustani ilikuwa yake?

Kwa karatasi, ndiyo. Lakini karatasi nayo ina mama yake. Mwaka 1901 amri ilitolewa London, na mwaka 1902 ikafuata sheria ya ardhi ya Ufalme, na kwa maandishi hayo Taji la Uingereza likajipa mamlaka ya kugawa ardhi ya nchi hii kwa liliyempenda. Jina lenyewe la mji ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Mwaka 1904 Wamaasai waliwekeana mkataba na serikali ya kikoloni, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa kwenda Laikipia. Mwaka 1911 wakahamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia kule kule walikoahidiwa.

Mwaka huo huo wa 1904, Jeevanjee alijenga soko la mji hapa Nairobi.

Nilipoiona miaka hiyo miwili imelingana nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

## Mtu wa kandarasi

Wasomaji wa Tanzania, tusichanganye. Huyu si yule wa ukoo wa Karimjee Jivanjee wa Unguja, wenye ukumbi wao Dar es Salaam. Wote ni Mabohora, majina yanakaribiana, lakini ni njia mbili tofauti.

Huyu wetu alizaliwa Karachi mwaka 1856, hakupata elimu ndefu, akatoka nyumbani mapema kutafuta maisha. Alifika hadi Adelaide, Australia, akafanya biashara huko, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 alikuwa na kampuni Karachi na mkono wake umeshafika Mombasa. Alikuwa na kipaji cha kuona serikali itahitaji nini kabla haijasema. Wakubwa wa koloni walitaka chakula cha wafanyakazi, mawe, majengo ya ofisi, stesheni. Yeye alikuwa nacho, au alijua pa kukipata.

Na walitaka watu.

Mwaka 1895 kampuni yake ilipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Punjab kuja kujenga reli ya Uganda. Kazi ya kutandika reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Mpaka inakamilika, watu karibu 32,000 walikuwa wameletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Zaidi ya 6,000 walirudishwa makwao wakiwa wagonjwa au vilema. Si wote walioletwa na Jeevanjee, kwa sababu shirika la reli liliendelea kuandikisha watu kwa njia zake lenyewe. Lakini mlango wa kwanza alikuwa ameushika yeye.

Tuliosoma shule za Mombasa tulikaririshwa habari za simba wa Tsavo kuliko za watu waliokufa kwa malaria, kuhara na vidonda vilivyooza. Simba wana majina ya utani na picha. Wale watu 2,500 ukiwauliza majina, utapewa majina mangapi?

Nilikwama hapa kwa wiki nzima. Nilitaka kumchukia na ingekuwa rahisi kumchukia. Mtu aliyetajirika kwa kuwauzia Waingereza jasho la Wapunjabi, kisha akajijengea mji juu ya ardhi ya Wamaasai na Wakikuyu. Ningeishia hapo, makala ingekuwa fupi na ningeipenda mwenyewe.

Ila aliendelea kuishi, na maisha yake yakaanza kuniharibia hesabu.

## Walichomfundisha

Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Lakini kutoka hapo, kila uchafu wa mji ukawa na kabila. Mji usiokuwa na mifereji, usiokuwa na maji ya kutosha, uliojengwa juu ya kinamasi kwa sababu tu wahandisi wa reli walihitaji mahali tambarare pa kupumzikia kabla ya kupanda mlima, ukaamua kwamba tatizo lake ni Wahindi. Miaka kumi na kidogo baadaye alikuja mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, akapendekeza rangi zitengwe mitaa, kila moja na yake. Nairobi bado inakaa ndani ya ramani ile. Tazama tu miti inaanzia wapi na kuishia wapi.

Jeevanjee alikuwa tajiri kuliko wengi wa Wazungu waliomdharau. Alimiliki nyumba ambamo baadhi ya ofisi za serikali zilipanga. Alianzisha gazeti Mombasa mwaka 1902, African Standard, ambalo leo tunalinunua barabarani kwa jina la The Standard. Aliliuza mwaka 1905, na mikononi mwa wenyewe wapya likageuka sauti ya walowezi, likipinga haki za watu wa rangi yake kwa wino ule ule alioununua yeye. Sijui kama kuna biashara inayouma kuliko hiyo.

Mwaka 1906 alitoa bustani. Akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Victoria, na aliyeifunua ni Duke wa Connaught, mwana wa malkia mwenyewe.

Nimejaribu kumwona siku ile. Amevaa vizuri, amesimama karibu na mwana wa malkia, kitambaa kinavutwa, watu wanapiga makofi. Nadhani aliamini kwamba sasa wamemwona. Kwamba mtu akishawapa watawala bustani na malkia wao ndani yake, watamhesabu miongoni mwa watu.

Mwaka 1908 waziri wa makoloni, Lord Elgin, alithibitisha kwamba Wahindi hawatagawiwa ardhi Nyanda za Juu, eneo lenye rutuba walilojitengea walowezi wa Kizungu. Ni kwa urahisi wa utawala tu, wakasema. Mwaka 1903 Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, alikuwa amekodishiwa ekari 100,000 kwa miaka 99.

Ekari 100,000 kwa mmoja. Kwa mwingine, urahisi wa utawala.

## Kiti kimoja

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mfanyabiashara alipogeuka mwanasiasa. Si kwa tamaa ya cheo. Alikuwa amegundua kwamba fedha zake zinafika mahali fulani na kusimama, kama gari la moshi lililoishiwa reli.

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, Wazungu watupu. Mwaka 1910 Jeevanjee akaketi ndani yake, mtu wa kwanza asiye Mzungu. Aliteuliwa, hakuchaguliwa, na alikuwa peke yake. Fikiria ukiwa peke yako katika chumba ambacho kila mkono mwingine ukiinuliwa unainuliwa dhidi yako. Unaweza kusema maneno ya hekima kutoka asubuhi hadi jioni na kura ikatoka ile ile. Hakudumu.

Lakini hakunyamaza pia. Alikwenda London kupeleka malalamiko. Mwaka 1912 alichapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kongamano la Kitaifa la Wahindi wa Afrika Mashariki, Mombasa, mwaka 1914. Alilipia mambo hayo kwa fedha zake, na fedha zenyewe zilikuwa zimeanza kupungua.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Ninakiri. Nilimwambia rafiki yangu kwa simu kwamba nimempata shujaa aliyesahaulika, nitaandika makala ya kumrudishia heshima.

Siku mbili baadaye nikasoma alichosema London.

## "India ya pili"

Mwaka 1910, akihojiwa na gazeti la Daily Chronicle, Jeevanjee alipendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na Dola la India, itawaliwe kwa niaba ya mtawala mkuu wa India, ifunguliwe kwa Wahindi, na baada ya miaka michache tu itakuwa India ya pili.

Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Nilikuwa nikitafuta pale, katikati ya Mwingereza na Mhindi, mtu wa tatu. Mwenye nchi. Nilitafuta hata kivuli chake.

Hayumo.

Wala si kwamba alimtukana. Walowezi walimtukana Mwafrika kila siku: mwaka ule ule wa 1907 Baraza lilipoanza, Ewart Grogan, naye mfanyabiashara na mwanasiasa, aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Jeevanjee hakufanya hivyo. Yeye alipita tu. Alikuwa akidai haki kwa nguvu zote, na dai lake lilikuwa hili: mimi pia ni raia wa Dola, mimi pia nimejenga koloni hili, kwa nini nisigawiwe? Neno lililomkaa moyoni lilikuwa "pia".

Wakati anayasema hayo, Mwafrika alikuwa ameshaanza kutozwa kodi ya kibanda tangu mwaka 1901, na hakuwa na mtu Barazani. Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kati ya Jeevanjee na Mathu kuna miaka 34. Kwa muda mrefu katika miaka hiyo, aliyepewa kazi ya kusema kwa niaba ya Waafrika alikuwa mmisionari Mzungu.

Niliweka simu chini nisimpigie rafiki yangu tena.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nilichokasirikia hasa. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu mtu aliyebaguliwa hakujifunza kutokana na kubaguliwa kwake. Nilidhani maumivu ni mwalimu, kwamba ukishachomewa mtaa wako utawaona na wengine waliochomewa. Kisha nikaikumbuka familia yangu. Babu yangu alidharauliwa bandarini maisha yake yote, na nyumbani alimwita mtumishi wetu "boi" mpaka yule mzee anapata mvi. Tulimpenda babu. Hakuna aliyemsahihisha, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kumsahihisha.

Siandiki hili kumwondolea Jeevanjee lawama. Naliandika kwa sababu hasira yangu ilikuwa imejipamba kuliko haki yake.

Na kuna jambo lingine. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitoa Waraka wa Devonshire kumaliza ugomvi wa walowezi na Wahindi. Ilitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Hatimaye mtu wa tatu akatajwa! Lakini alitajwa ili Mhindi anyimwe, na Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu vile vile. Jina letu lilitumika kama kabari ya kufungia mlango. Nimeona kwa macho yangu hila hiyo ikitumika katika siasa zetu za leo, na nadhani yule mzee wa kofia ya sufu ameiona mara nyingi zaidi.

## Jengo lenye simba

Jumamosi moja nilipita kwa miguu mbele ya Maktaba ya McMillan. Ni dakika chache tu kutoka bustanini. Nguzo kubwa, ngazi, sanamu za simba wawili wanatazama barabara. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Northrup McMillan, tajiri aliyetoka Marekani, mlowezi, mjumbe wa Baraza. Huyo naye mfanyabiashara, huyo naye mwanasiasa, naye ameachia mji kitu.

Maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwaka 1958.

Nilisimama pale muda mrefu. Miaka 27 Mwafrika angeweza kufagia ngazi zile na asiweze kufungua kitabu ndani. Wakati huo huo, hatua mia kadhaa kutoka hapo, kuna kipande cha ardhi ambacho mtu alikitoa ili wakazi wa Nairobi wapumzike, hakidai kadi ya uanachama.

Zawadi hizi mbili zilitoka kwenye kikapu kimoja cha ardhi iliyonyang'anywa. Hilo halibadiliki. Ila sikuweza, na siwezi bado, kusema kwamba ni kitu kimoja.

## Mjukuu

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, mali yake nyingi ikiwa imepukutika. Uhuru ukaja. Malkia akabaki kwenye nguzo yake, na watu wakalala chini yake saa za mchana.

Mwaka 1991 mipango ikatoka ya kuigeuza bustani kuwa jengo la maegesho na biashara. Mnakumbuka miaka ile. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alikuwa amesimama peke yake dhidi ya jumba la ghorofa 60 Uhuru Park, akatukanwa bungeni. Kila penye nyasi palikuwa na mtu mwenye ramani mfukoni.

Aliyesimama safari hii ni Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Aliandika magazetini, akakusanya saini, akaketi na watu wa bustanini wenyewe. Na hapa ndipo karatasi ya 1906 ilipofanya kazi ambayo sidhani mwenyewe aliitarajia: bustani ilikuwa imetolewa kwa umma, kwa hiyo hakuna ofisa aliyekuwa na haki ya kuiuza. Mpango ukafa.

Waliotia saini ni wachuuzi, makarani, vibarua wa Industrial Area wanaokuja kula mchana. Wajukuu wa yule mtu wa tatu niliyemtafuta kwenye gazeti la 1910 nikamkosa. Babu alipita bila kuwaona. Mjukuu alikaa nao benchi. Na wao, kwa kuitetea, waliifanya yao kwa namna ambayo hakuna malkia wala mkandarasi angeweza kuwapa.

Mwalimu wangu wa chuoni alifariki zamani, Mungu amrehemu. Ningetamani kumuuliza: mnazi wa jirani ukiwekwa wakfu kimakosa, kisha jirani mwenyewe akaja akaketi chini yake, akala madafu yake, akaupigania usikatwe, hukumu yake ni ipi? Nadhani angeniambia nirudi nikasome.

Mwaka 2015 watu wasiojulikana walimwangusha Malkia Victoria wakamkata kichwa. Nilisoma habari hiyo wakati ule bila kuhisi chochote. Sasa naona kwamba hata waliofanya vile hawakuigusa bustani.

## Saa saba tena

Ijumaa iliyopita nilirudi na majibu yangu nimeyaandika kwenye daftari dogo. Nilitaka kumpata yule kijana wa begi. Nilitaka kumwambia kwamba alipewa na Taji, Taji lilijipa lenyewe, na mwenye kunyang'anywa hakuulizwa. Na kwamba pamoja na hayo yote mzee wa kofia ya sufu hakukosea aliposema hapa ni petu, isipokuwa kwenye neno moja, "alitupa".

Duara lilikuwepo, unga umepanda tena. Mzee alikuwepo. Kijana hakuwepo.

Nikakaa kwenye benchi lile lile. Baada ya kitambo akaja mama mmoja amebeba furushi la mitumba, jasho linamtiririka, akatazama nafasi iliyokuwa pembeni yangu ambayo nilikuwa nimeiwekea daftari.

"Kuna mtu hapa?" akauliza.

"Hapana, mama, karibu," nikasema, nikaliondoa daftari.

Akatua furushi lake, akavua viatu, akaiweka miguu kwenye nyasi.